Mtamba Aliyenona

Mkono wangu wa kushoto umeingia mahali ambapo mikono ya watu wengi haitaingia mpaka wazikwe, na sioni haya kusema. Mimi ni mhimilishaji. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa chupa, yaani kumtia ng'ombe mbegu bila dume mwenyewe kuwepo, na kazi hiyo haifanyiki bila kuvaa glavu ya plastiki mpaka begani na kupapasa kizazi cha mnyama kwa kupitia nyuma. Kwetu Endabash, wilaya ya Karatu, wamenitania mpaka wamechoka. Nikipita na pikipiki yangu, vijana wanapiga kelele, "Dume la serikali hilooo!" Nami nawajibu bila kusimama, "Na ng'ombe wenu wananipenda kuliko nyinyi!"

Kule ndani, kila upande wa kizazi, kuna ovari. Ukizipapasa polepole utakuta juu yake vifuko laini, vinabonyea kama lengelenge. Kila kifuko kina yai. Kuna kifuko kinachokaribia kupasuka na kuliachia yai, na kuna kinachokataa, kikavimba na kukaa hapo hapo. Vidole vyangu vinajua tofauti hiyo hata nikiwa napiga soga na mwenye ng'ombe. Lakini ovari za binadamu sikuwahi kuzifikiria, hata zangu mwenyewe, mpaka kiangazi kile rafiki yangu wa Soitsambu aliponipigia simu.

Rafiki huyo ni Mmasai, mke wa mfugaji mkubwa. Nilimfahamu nilipopangiwa kazi ya mifugo kule nikiwa msichana, sijui hata kusalimia Kimasai. Yeye ndiye aliyenifundisha lugha, akanifundisha na kunyamaza, ingawa hilo la pili sikulishika. Mwanawe alipooa, nilikuwepo. Wamasai wana desturi yao: bibi harusi akifika karibu na boma la mume anasimama, hasogei hata hatua, mpaka wakwe waahidi mifugo. Rafiki yangu alitoka mwenyewe akamwahidi ndama jike, mwekundu. Tangu hapo wakaitana "Paashe", kwa sababu waliopeana ndama huitana hivyo, na jina hilo haliondoki tena. Baba mkwe siku ile hakuahidi kitu. Alikohoa tu. Na kwa kuwa hakutoa, hakuwa na jina la kumwita yule binti, akawa anamwita "wewe".

Sasa simu inalia na rafiki yangu anaongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Dada, mzee amesema. Mwaka wa nne huu, mimba hakuna. Ng'ombe wakirudi kutoka malisho ya mbali, mvua zikianza, binti anarudishwa kwao."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi simtaki mwingine. Huyu ni Paashe wangu."

"Na dume amepimwa?"

"Dume gani?"

"Mwanao!"

Mwanawe ni mlinzi kwenye hoteli ya watalii huku Karatu, nyumbani anakwenda akipata likizo. Nikamwambia, "Wee mama, dume yuko Karatu, mtamba yuko Soitsambu, ndama atashuka na ukungu? Mlete huku." Alicheka mpaka akakosa pumzi, halafu kicheko kikageuka kilio, na mimi nikabaki nimeshika simu katikati ya shamba la mbaazi mpaka akamaliza.

Kabla hujanikasirikia, msomaji wa mjini, kwa kumwita mwanamke mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado: kule si tusi. Mmasai akikufananisha na ng'ombe amekupa heshima aliyonayo. Ningemfananisha na gari la watalii ndio wangenishangaa.

Rafiki yangu na mkwewe walikuja kwa basi mpaka Mto wa Mbu, wakapanda gari jingine kuja Karatu, wakafika wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Binti alinyenyekea, akainamisha kichwa nimguse, ndivyo wadogo wa Kimasai wanavyosalimia wakubwa, na nilipomgusa nikaona jinsi alivyonenepa. Siku ya harusi alikuwa mwembamba kama fimbo ya mchungaji. Sasa mashavu yamejaa, shingo imejaa, na shuka amelivuta mpaka kidevuni na halishushi hata ndani ya nyumba. Nikajua ana kitu anachoficha.

"Mwanangu," nikamwambia, "mficha uchi hazai. Shusha."

Akashusha. Alikuwa ameota ndevu. Chache, lakini ndevu. Aliniambia anazing'oa kila asubuhi kabla watu hawajaamka, na kwamba wanawake wa bomani wameanza kunong'ona kuwa anageuka mwanaume. Akaniambia pia siku zake huja zikipenda: anaweza kukaa miezi mingi bila kitu, kila mtu akaanza kutumaini, halafu ikawa si mimba. Alisema yote hayo kavu, hakulia. Kisha akasema, "Mama, nimechoka kutazamwa tumbo." Roho iliniuma, na mimi roho yangu si ya kuuma haraka.

Rafiki yangu wakati huo alikuwa anafungua kibuyu chake juu ya meza yangu. Alikuwa amebeba mafuta ya kondoo kutoka Soitsambu, ili mkwewe asikose hata siku moja akiwa safarini. Akamimina kikombe, binti akanywa chote, akakunja uso, mama mkwe akatabasamu. Mimi niliwaangalia nikasema moyoni, jamani, wangapi wana mkwe kama huyu?

Hospitalini tulikwenda wanne, maana nilikwenda kumtoa yule kijana getini kwake na sare zake za ulinzi. Alipoambiwa naye atapimwa, alitazama viatu vyake kwa muda mrefu sana. Nikamwambia, "Baba, mimi nikiitwa kwenye boma ambalo ng'ombe hawashiki mimba, naanza na dume. Ni mmoja, ni rahisi." Mama yake akamsukuma begani, akaenda. Baadaye tuliambiwa yeye hana tatizo, akatoka ametanua kifua kama aliyeua simba. Nikamwambia akae chini, bado hajafanya kitu.

Daktari alikuwa mwanamke, mpole, anaongea taratibu. Alimlaza binti, akampaka ile jeli, akapitisha kile kifaa tumboni, na kwenye skrini ikatokea ovari. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nimeshika ovari miaka yote hiyo na sijawahi kuona iliyo hai! Ukingoni kulikuwa na viduara vidogo vyeusi, vimejipanga kimoja baada ya kingine, vyote saizi moja.

"Ni shanga," binti akasema.

"Ni vifuko vya mayai," daktari akasema. "Kila kimoja kina yai ndani."

Binti akainua kichwa. "Yangu?"

"Yako. Tena mengi."

Hapo ndipo alipolia. Miaka yote minne alikuwa anaamini kwamba ndani mwake hamna kitu, kwamba Mungu alimsahau, na hakuwahi kumwambia mtu. Daktari alimpa karatasi ya kujifutia akamsubiri amalize.

Kisha akatueleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa mimi. Yai peke yake halijui kitu. Linazungukwa na seli nyingi ndogo ndogo ambazo zimelikumbatia pande zote, na hizo ndizo zinazofanya kazi. Ndizo zinazolilisha kwa vijinyuzi vyembamba. Ndizo zinazoliambia subiri, au kua. Zinatengeneza homoni inayoandaa kizazi, na homoni hiyo hiyo inatunza mifupa. Kila mwezi vifuko kadhaa huanza kukua pamoja, kimoja kinatangulia, kinajaa maji, kinapasuka, yai linatoka, vingine vinanyauka. Na zile seli zinazobaki kwenye ganda baada ya yai kuondoka haziachi kazi. Zinageuka rangi ya manjano na kutengeneza homoni nyingine ya kuishikilia mimba isitoke.

"Hiyo naijua!" nikadakia. "Ni ngumu kidogo kwenye kidole, ina kichwa kama kifungo cha koti."

Daktari akanitazama. "Umeijuaje?"

"Nimeshika nyingi."

Yule kijana alisogeza kiti chake mbali na mimi.

Wakati wote huo, na Karatu ilikuwa baridi, ukungu umeshuka mpaka barabarani, mimi nilikuwa nimevua sweta na najipepea kwa leso. Ilikuwa ndio miezi ile joto linanipanda kutoka kifuani mpaka utosini, dakika mbili baadaye natetemeka. Daktari aliniuliza siku zangu zimekoma lini. Nikamwambia zinakuja na kwenda kama wageni wasio na adabu. Akacheka, akasema vifuko vyangu vimebaki vichache, na seli zake zikipungua, ile homoni nayo inapungua, ndiyo sababu ya joto, na nisisahau maziwa na kutembea kwa ajili ya mifupa. Basi nikakaa pale nikitafakari: zangu zinafunga duka, za huyu binti hazijafungua. Sikuhuzunika. Zangu zilinipa watoto, zikanibeba miaka mingi juu ya pikipiki, zipumzike.

Kwa binti, daktari alisema, vifuko vinaanza vyote kisha vinasimama njiani, hakuna kinachotangulia. Kila kifuko kina matabaka mawili ya seli. La nje linatengeneza homoni ya namna ya kiume, la ndani kazi yake ni kuigeuza iwe ya kike. La nje likizidisha, la ndani linalemewa, ndevu zinaota na mayai yanakwama.

"Kwa hiyo mimi si mwanaume?" binti akauliza.

"Wewe ni mwanamke kamili ambaye seli zake hazijapatana. Na hata usingetaka mtoto, tungekutibu kwa ajili yako wewe, maana ukiachwa hivi miaka mingi unaweza kupata kisukari, na kizazi chenyewe kinaweza kuugua." Halafu akauliza swali ambalo mimi, na ujanja wangu wote, sikuwa nimeliuliza. "Unakula nini, na kazi unafanya gani?"

Rafiki yangu ndiye aliyejibu, kwa fahari. Tangu mwaka wa kwanza amemlisha mafuta ya kondoo asubuhi na jioni. Chai yake inajaa sukari. Maji hachoti, kuni hakati, mbuzi hafuati, boma hakandiki. Analala na kukaa, ili kizazi kisitikisike na mimba ipate kutulia. Kazi zake zote anazifanya yeye mwenyewe, mama mkwe, na umri ule. Alisema hayo akiwa ameinua kidevu, anangoja kusifiwa.

Daktari hakumgombeza. Alisema tu kwamba wapo wanawake wembamba wenye shida hii hii, si kosa la mtu. Lakini mwili ukinenepa sana na sukari ikizidi, damu inajaa homoni ya kuishughulikia sukari hiyo, na hiyo inalichochea lile tabaka la nje lizidi kuharibu. Atampa vidonge vya kulisaidia yai lipevuke. Ila sukari ipungue, mafuta yapumzike, na binti atembee.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi nje. Kijana alikwenda kutuletea chai. Rafiki yangu alikuwa amepakata kibuyu chake cha mafuta, anakitazama, na mimi nikadhani amechukia. Nikajiandaa kumtetea daktari. Kumbe.

"Dada," akasema, "mtamba akinona kupita kiasi, sisi tunafanyaje?"

Jibu analijua kila mtoto wa mfugaji. Mtamba aliyenona sana hashiki mimba. Anatolewa bomani, anapelekwa malisho ya mbali atembee, apungue, ndipo aite dume, yaani aingie kwenye joto la kutaka kupandwa.

"Angekuwa mtamba," akasema, "ningemjua mwaka wa kwanza. Ningemtoa akatembee. Lakini kwa sababu ni mtu, na nampenda, nikamfungia ndani nikamnenepesha. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu." Akajipiga mkono.

Binti alikuwa amekaa upande wake wa pili. Akauchukua ule mkono, akaushika. "Paashe," akamwambia, "mafuta yenyewe nilikuwa siyapendi." Tukacheka wote watatu mpaka mlinzi wa hospitali akatuangalia vibaya.

Rafiki yangu alirudi Soitsambu peke yake. Kibuyu alikiacha kwangu, akasema nimtunzie. Binti alibaki Endabash, mumewe akiwa karibu, anakuja kila akipata nafasi. Nilimkabidhi mbuzi wangu. Nilimkabidhi na dumu la maji, na kisima chetu kiko bondeni kabisa, ukirudi unapanda mpaka magoti yanaongea. Alipanda. Mwanzoni alikaa njiani mara nyingi, baadaye akawa ananipita. Majirani walisema namtesa mtoto wa watu, nikawaambia wajali ng'ombe wao. Alikunywa vidonge, akala ugali kidogo na mboga nyingi, sukari niliificha kwenye ndoo ya mbegu za mbaazi.

Asubuhi moja alinifuata zizini nikiwa nimevaa glavu, mkono wote uko ndani ya ng'ombe, akasimama mbele yangu anatabasamu. "Mama, imekuja."

"Nini?"

"Damu. Yenyewe."

Kwa miaka minne damu ile ilikuwa msiba nyumbani kwao. Siku ile nilipiga kigelegele mpaka ng'ombe akanirushia teke. Mwezi uliofuata ikaja tena, kwa wakati wake. Tukampigia simu rafiki yangu, naye hakusema neno zaidi ya "Asante, Mungu," akakata.

Lakini mimba haikuwa imeingia, na mvua zilianza. Mzee akaja.

Alikuja na shuka lake na fimbo yake, mkewe nyuma. Alikaa kwenye kiti changu kizuri, akakataa makande, akasema kwa Kiswahili ili nisisingizie kutoelewa: "Ng'ombe wamerudi. Nimekuja kumchukua nimpeleke kwa baba yake. Maneno yameisha."

Mimi nikafungua mdomo. Rafiki yangu akaninyooshea kidole nikaufunga, jambo ambalo watu wa Endabash wangelipa kiingilio kuliona.

"Nakuuliza wewe uliyefuga tangu utoto," akamwambia mumewe. "Mtamba alikuwa haiti dume. Miaka. Ukamtoa akatembea, akapungua, akaanza kuita. Mwezi mmoja ameita, mwezi uliofuata ameita tena. Umewahi kumpeleka mnadani huyo?"

Mzee akachezea fimbo.

"Jibu."

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Huyo hauzwi," mzee akasema polepole. "Huyo atazaa."

"Haya. Mtamba wako huyo anapanda mlima."

Tukatazama nje. Binti alikuwa anakuja kutoka bondeni, dumu mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, anatembea kwa hatua ndefu wala hahemi. Shuka lilikuwa mabegani, kidevu kiko wazi. Alipomwona mzee alishtuka, nikaona, lakini hakusimama. Alitua dumu, akaja, akainamisha kichwa. Mkono wa mzee ulikaa hewani. Nilikuwa naomba, na mimi si mtu wa kuomba kwa macho wazi. Ukashuka ukamgusa.

Mzee akakohoa, kama alivyokohoa siku ya harusi. Kisha akasema, "Paashe, nipe maji ya kunywa."

Rafiki yangu aliruka. "Umesikia? Dada, umesikia? Amesema mbele ya watu!" Maana jina hilo haliitwi bure, ukishaliita, umetoa ndama. Na nani anampa ndama mtu anayemfukuza?

"Nimesema," mzee akajibu. "Kwani mimi mlevi? Yule mwenye paji jeupe ni wake. Na hayo makande yako wapi?"

Binti alimpa maji kwa mikono miwili.

Mimba iliingia baadaye, wakati hakuna aliyekuwa anaiangalia, na mtoto alizaliwa Karatu, msichana, anapiga kelele kunishinda. Rafiki yangu alifika kutoka Soitsambu, hakunywa hata chai, akaenda moja kwa moja jikoni kwangu kwenye msumari ambako kibuyu chake kilining'inia tangu siku ile ya hospitali. Alikiosha, akakijaza mafuta mapya ya kondoo aliyechinjiwa mzazi, kama ilivyo desturi yao kumpa aliyejifungua, akamimina kikombe kikubwa.

Nikafungua mdomo. "Daktari alisema mafuta..."

"Nyamaza, dume la serikali," akaniambia. "Huyu si mtamba tena."

Binti akanywa, akakunja uso. Mimi nikamshika mtoto.